TAHADHARI: Matapeli wa tiketi wa Gare du Nord, Paris, na wenzao wa Montmartre na Trocadéro

Mnaopanga kwenda Paris kikundi kiangazi hiki, someni hapa kabla hamjashuka kwenye treni. Mara nyingi watu hutapeliwa mapema kabisa, pale kwenye mashine za tiketi za kituo cha treni cha Gare du Nord. Hapo ndipo wanaposhukia wanaotoka London, Brussels na Amsterdam, na RER B, treni ya kutoka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle inapita hapohapo.

Wanacheza hivi. Foleni ndefu, mashine inaongea Kifaransa, nyinyi watano mnabishana mchukue tiketi gani. Anatokea kijana nadhifu, pengine ana kitambulisho shingoni, anajifanya mfanyakazi. Anabonyeza haraka kuliko macho yenu, anasema mashine imekataa kadi za benki za kigeni, analipa kwa kadi yake, halafu anataka mumrudishie pesa taslimu. Kadi za usafiri anazowapa, zile zinazowekwa tiketi ndani, si tupu, na geti la kwanza linafunguka vizuri tu, ndiyo maana hamshtuki. Mmelipia wiki nzima, ndani mna safari moja, tena wakati mwingine ya nusu bei, ambayo ni ya watoto wa miaka 4 hadi 9. Wakaguzi wakiwakuta hawana habari na huyo kijana. Faini analipa aliyeshika kadi.

Uongo wake unajulikana hata kabla hajamaliza kuongea. Kadi ya Navigo Easy, ile ya euro 2 isiyo na jina, haiwekwi tiketi ya wiki. Ya wiki inataka kadi nyingine yenye jina na picha yako, na wiki yenyewe huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, siyo siku saba tangu ulipolipa. Kwa hiyo anayekuuzia "wiki" Ijumaa mchana kwenye Navigo Easy anakuingiza mjini. Kwa bei za mwaka 2025, safari moja ya metro au RER ilikuwa euro 2.50, ya kwenda au kutoka uwanja wa ndege euro 13, na tiketi ya siku nzima euro 12. Hiyo ya siku haifiki uwanja wa ndege, na hapo wengi hunasa bila hata kutapeliwa. Bei hupandishwa Januari, basi angalieni za mwaka wenu.

Kwenye mashine, badilisheni lugha kwanza. Alama ya bendera ipo kwenye kioo. Kila mtu awe na kadi yake, maana hampokezani kadi moja getini. Mkishaweka pesa, irudisheni kadi kwenye kisomeo cha mashine, itaonyesha kilichomo. Ukaguzi huohuo unafaa kwa kadi yoyote unayouziwa mkononi: mwambie muuzaji asubiri uisome. Atakuwa na haraka ghafla. Mmoja wenu asimame nyuma ya anayelipa akilinda mabegi, kwa sababu huyo "msaidizi" ana mwenzake anayeangalia namba ya siri.

Teksi: dereva halali hakufuati ndani ya jengo la uwanja akikunong'oneza. Ana taa juu ya gari na foleni yake nje, na nauli ya kutoka Charles de Gaulle hadi mjini imepangwa: mwaka 2025 ilikuwa euro 56 kwa upande wa kulia wa mto Seine na 65 kwa wa kushoto, kwa gari zima.

Montmartre, chini ya ngazi za kanisa la Sacré-Cœur, kuna wenye nyuzi za rangi. Anakudaka kidole kama anakusalimia, anasuka bangili papo hapo, fundo halifunguki, kisha anadai euro 10 au 20 huku wenzake wamekuzunguka. Wanaanza na "kaka" na "dada", na wakikuona Mwafrika mwenzao husalimu kwa uchangamfu zaidi. Mikono mfukoni, msisimame. Au shukeni kituo cha Lamarck-Caulaincourt, metro namba 12, mpande kwa nyuma ya kanisa. Pale chini hampiti kabisa.

Trocadéro na daraja la Iéna, karibu na mnara wa Eiffel, mtakuta vikombe vitatu na kimpira. Ni pata potea ileile, karata tatu ya stendi, imevaa miwani ya jua. Yule mama anayeshinda euro 100 mbele yenu ni wao, na anayewasukuma mbele mwone vizuri ni wao pia. Kimpira ni laini, kinabanwa kiganjani, hakipo chini ya kikombe chochote. Hata asiyecheza huibiwa, kwa kuwa wote mmeinamia zulia na mabegi yako mgongoni.

Na wale wasichana wenye ubao wa karatasi za kuomba saini wakijifanya viziwi: karatasi huwekwa juu ya simu yako mezani, inaponyanyuliwa simu imeondoka nayo. Mgahawani nje, simu haikai mezani.

Ikitokea, polisi ni 17, au 112. Fungeni kadi ya benki kwanza, kisha nendeni kituo cha polisi mkachukue karatasi ya taarifa, maana bima ya safari itaiulizia. Namba ya IMEI ya simu ipatikane leo, ukiwa bado unayo: piga *#06#, iandike, mpe rafiki mwingine aitunze.