Uzoefu wangu: sevisi ya breki na giaboksi ya Toyota GR86 kabla ya kuingia Brands Hatch

Wakala aliyeniuzia gari alishikilia kwamba gari jipya halina haja ya kubadilishwa mafuta ya giaboksi wala ya breki mapema hivi. Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi, sina ubishi naye. Lakini mimi nilikuwa nalipeleka Brands Hatch, kiwanja cha mbio za magari kule Kent, Uingereza, kwenye zile siku ambazo mtu analipia na kuzunguka kiwanjani na gari lake mwenyewe. Huko breki zinapikwa hasa. Nikatafuta gereji binafsi iliyozoea magari ya mbio, na pesa niliyolipa siijutii.

Nianze na breki, maana hapo ndipo penye roho ya mtu. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani hata gari likiwa limeegeshwa tu. Kiwango cha DOT 4, ambacho ni daraja la mafuta ya breki, kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingia maji kinaridhika na 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu linabonyea: unakanyaga pedali, inazama, gari linaendelea kwenda. Sasa fikiria njia ile fupi ya Brands Hatch, ambayo haifiki hata kilomita mbili. Unashuka kona ya Paddock Hill Bend kwa kasi, unapanda kilima, na papo hapo unazikamata breki tena kuingia kona ya Druids. Hazipati nafasi ya kupoa.

Tulichagua Motul RBF 600, ambayo ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 312. Nilisimama pembeni fundi akitoa hewa kwenye mabomba ya breki, gurudumu moja baada ya jingine, kampira kembamba kanakoonyesha ndani kamechomekwa kwenye kalipa, kile kishikio kinachobana pedi kwenye diski, na kuishia kwenye chupa. Hakufunga mpaka mapovu yakaisha kabisa na rangi ya mafuta ikabadilika. Huku nyuma kila mara alikuwa akichungulia kopo la juu la mafuta ya breki lisikauke, kwa sababu likikauka linavuta hewa na kazi yote inaanza upya. Fundi wa namna hiyo nampa heshima yake.

Diski za kiwandani tuliziacha, tukaweka pedi za Ferodo DS2500 mbele na nyuma. Ukibadilisha za mbele peke yake, unavuruga mgawanyo wa breki ambao kiwanda kiliupanga. Pedi mpya lazima zizoezwe kwanza: unapunguza mwendo kwa nguvu mara kadhaa mfululizo bila kusimama kabisa, kisha unaendesha taratibu zipoe. Mjini zinapiga kelele, hasa asubuhi, na rimu zinajaa vumbi jeusi. Anayetaka gari la kimya asizinunue.

Kwenye giaboksi, fundi alilifungua kwanza tundu la kujazia, ndipo akagusa nati ya kumwagia. Sababu ni rahisi: ukishamwaga halafu nati ya kujazia ikakataa kufunguka, gari lako halitoki hapo. Nati ya kumwagia ina sumaku, na ilitoka na tope la kijivu. Nilisugua kidogo kwa vidole, likateleza kama grisi, halina punje. Huo ni unga wa gia mpya zinazozoeana, na katika giaboksi changa si jambo la kutisha. Ukikuta vipande vya chuma, hiyo ni habari nyingine. Alifunga nati kwa washa mpya, akajaza mafuta ya 75W-90 yanayolingana na kitabu cha gari mpaka yakaanza kumwagikia nje ya tundu. Mwangalie sana anayekuambia mafuta yoyote ya daraja la GL-5 yanafaa kwa kuwa ni makali zaidi. Baadhi ya kemikali zilizomo zinaweza kuzila sinkro za shaba, yaani pete zinazosaidia gia kuingia laini. Mafuta ya difu, ile sehemu inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, alibadilisha siku hiyo hiyo, na hayo ni ya aina yake, hayachanganywi na ya giaboksi.

Kiwanjani pedali ilibaki palepale, ngumu, asubuhi mpaka jioni. Gia ya pili, iliyokuwa ikigoma kidogo kabla gari halijapata moto, sasa inaingia laini zaidi, ingawa asubuhi ya baridi bado inataka mkono wa taratibu.

Kilichoniudhi ni risiti. Waliandika “sevisi” tu na jumla ya pesa, nikalazimika kuomba waorodheshe aina ya kila mafuta, tarehe na kilomita. Komaa nalo hilo, kwa sababu ukipata tatizo la waranti, karatasi hiyo ndiyo utakayoulizwa, na waranti nyingi tayari zinakwepa uharibifu wa kiwanjani.

Kama unakwenda kiwanjani mara moja tu kujaribu, badilisha mafuta ya breki, pedi ziache, na kila baada ya mizunguko michache mikali zunguka mmoja wa polepole breki zipoe. Ukirudi kuegesha usivute hendibreki zikiwa bado za moto. Tia gia na uweke kizuizi kwenye tairi.