Nimekatiwa snuka 12-12 nikawekewa marudio ya pool, halafu kastoma kea wananicheka

Hii nilitaka kuandika siku ileile ila ningeandika matusi, kwa hiyo nimesubiri nitulie, na kusema kweli bado sijatulia. Ni kuhusu hii app ya michezo ya kulipia ambayo kila siku matangazo yake yanapita, "michezo yote laivu kiganjani mwako". Jina siweki, wenye kuitumia mtaijua tu.

Mimi niliilipia kwa ajili ya snuka peke yake, ule mchezo wa fimbo na mipira ya rangi kwenye meza kubwa ya kijani. Mpira naangalia banda umiza kwa buku, raha yake ni kelele za watu, sihitaji app. Ila snuka nani atakuwekea banda umiza? Utafukuzwa. Kwa hiyo mtu wa snuka huku kwetu ni wewe na simu yako na bando lako, basi. Na niseme ukweli kabla hasira haijanipanda, picha yao ilikuwa safi, meza yote unaiona, nyuzi za kitambaa unaziona, haikwami kwami, na bei siyo ya kuua mtu. Kwa hapo ningewapa nyota nne bila kusita.

Sasa sikia. Mashindano ya dunia, yale ya ukumbi wa Crucible kule Sheffield, Uingereza, mwaka ule ambao Zhao Xintong alikuja kuchukua kombe akawa Mchina wa kwanza. Robo fainali, John Higgins na Mark Williams. Kama hufuatilii hutajua hiyo maana yake nini. Hawa waliingia uprofesheno mwaka mmoja, 1992, wao na Ronnie O'Sullivan. Higgins makombe manne ya dunia, Williams matatu. Mwaka 2018 walikutana fainali Williams akashinda 18-16. Sasa hapa Williams ana miaka 50, Higgins anakaribia, wanapigania nusu fainali utafikiri hawajawahi kushinda kitu maishani. Mwenye fremu 13 kwanza anapita, fremu ni raundi moja tangu mipira ipangwe. Wamefika 12-12.

Refa anapanga mipira ya fremu ya mwisho. Anaweka ile nyeusi kwenye doa lake na glavu zake nyeupe, anainama anaiangalia kama imekaa sawa. Ukumbi kimya. Mimi mwenyewe nimeacha kutafuna. Mara skrini nyeusi, nembo yao inazunguka zunguka, nikajua ni mtandao, nikaangalia bando, lipo. Picha inarudi naona meza ya bluu. Ya bluu jamani! Muziki unadunda, watu wanapiga kelele, pembeni imeandikwa MARUDIO, pool ya mipira tisa ya mwaka sijui gani. Kumbe muda waliopanga wa snuka umeisha kwa hiyo mtambo umeruka wenyewe kwenda kipindi kinachofuata. Fremu ya kuamua, mitambo yenu inaangalia saa!

Nikapiga kastoma kea haraka haraka. Akapokea dada, mwanzoni ana adabu zake, "habari ya saa hizi kaka, nikusaidie nini". Nikamweleza, dada mmekata snuka fremu ya mwisho, rudisheni, bado inaendelea. Akasema subiri nicheki. Akarudi, "kaka naona hapa mchezo uko hewani vizuri tu". Nikamwambia dada hiyo ni pool, tena ni marudio, mimi naongelea snuka. Akanijibu, nanukuu, "kaka si ni yaleyale tu, fimbo na mipira?" Nikawa mpole, nikasema hapana dada siyo yaleyale, ni mchezo mwingine. Akacheka. Halafu namsikia kabisa, hata hajaziba simu, anamwambia mwenzake "kuna mteja huku analilia pool". Wakacheka wote wawili. Simu ikakatika.

Yaani kukatika kwa picha ningesamehe, mitambo ni mitambo. Ila hilo neno "yaleyale" limenikaa mpaka leo, na nalijibu hapa kwa sababu simu hakunipa nafasi.

Dada, mimi pool nacheza. Nimekua nayo, meza zipo kila baa mtaani kwetu, siidharau hata kidogo. Na wapo wachezaji wa pool ninaowavulia kofia, Efren Reyes yule Mfilipino, ile shuti yake ya 1995 dhidi ya Earl Strickland, mpira mweupe uliochora herufi Z mezani, hiyo hata mtu wa snuka anasimama. Lakini kuangalia pool na kuangalia snuka ni vitu viwili. Pool ya mipira tisa imetengenezwa ili uingie muda wowote ukute raha, raki moja, yaani raundi yao, inaisha upesi, kuna saa ya sekunde 30 kwenye yale mashindano ya Mosconi, watu wanashangilia kama uwanja wa taifa, ile namba tisa ikiingia kihalali hata kwa bahati basi raki imekwisha, pangeni nyingine. Ukienda chooni ukirudi hujapoteza kitu. Ni raha, sikatai, Ijumaa na washkaji ni raha sana.

Snuka inalimbikiza. Kila kinachotokea saa hii kimetokana na kitu cha saa moja iliyopita. Mtu ameukosa mwekundu wa rahisi fremu ya tatu, unamuona fremu ya kumi na nane akifika upande uleule wa meza anaanza kusitasita, anapaka choki mara mbili. Na yule mwingine kakaa kitini, haruhusiwi kufanya kitu chochote, ana glasi ya maji na taulo tu, anaangalia mwenzake anavyozamisha. Mchezo gani mwingine unakuonyesha uso wa mtu anayepigwa huku amekaa, dakika nzima nzima? Mimi nusu ya muda siangalii mipira, naangalia kiti.

Halafu kuna kuviziana, ambako ndiko wengi wanaponikimbia wakisema inaboa. Mtu haoni pa kuzamisha, basi anaugusa mwekundu kwa ukingo, mpira mweupe unarudi taratiiiibu mpaka kule juu unajilaza nyuma ya kahawia. Sasa mwenzie atoke hapo. Akishindwa ni pointi za faulo, na refa anaweza kurudisha mipira ilipokuwa akapewa tena mtihani uleule. Mwaka ule wa korona, 2020, nusu fainali ya Kyren Wilson na Anthony McGill ilifika 16-16 na fremu ya mwisho ikaisha pointi 103 kwa 83. Jumlisha hiyo. Ni 186, wakati meza nzima ukiifuta bila kosa ni 147! Zilizozidi zilitoka kwenye faulo, watu wamebanana kwenye fremu moja zaidi ya saa nzima. Na mwisho wake Wilson akapiga kijani kikakosa shimo alilolenga kikaenda kuingia shimo jingine, bahati tupu, na yeye mwenyewe akawa anaomba radhi, kashinda lakini uso wake utadhani kafiwa. Ndiyo, najua hapo juu nimeisema pool kwa bahati zake, na snuka inazo. Tofauti ni kwamba bahati ile ilikuta watu wamekaa siku nzima nzima wakiijenga ile mechi, ndiyo maana iliuma vile.

Wanaosema snuka ni ya polepole niwape hii. Mwaka 1997 O'Sullivan alifuta meza yote, 147, kwa dakika tano na sekunde nane. Mwaka 2005 palepale Crucible, O'Sullivan huyuhuyu alikuwa anaongoza 8-2 dhidi ya Peter Ebdon, Ebdon akaanza kujivuta, breki moja, yaani zamu moja ya kuzamisha mfululizo, ya pointi 12 ikamchukua zaidi ya dakika tano. Kumi na mbili! O'Sullivan akawa anajikuna uso, akageuka akamuuliza mtazamaji ni saa ngapi. Akafungwa 13-11. Dakika tano zinaweza kuwa 147 na zinaweza kuwa 12, na zote mbili huwezi kuondoa macho, mimi ile ya Ebdon nimeiangalia mara nyingi kuliko ya 147.

Na ndiyo maana mpira wa mwisho ni kila kitu. Fainali ya dunia ya 1985 Steve Davis aliongoza 8-0, Dennis Taylor hakuwahi kuwa mbele hata kwa fremu moja mpaka ile nyeusi ya mwisho ya fremu ya 35, akashinda 18-17, saa sita za usiku zimeshapita kule Uingereza na watu milioni 18.5 wako macho. Sasa fikiria BBC wangewakata pale wakawawekea kipindi kinachofuata. Nchi ingewaka moto.

Mimi matokeo yangu niliyapata kwao haohao. Walipandisha vipande vya mechi baadaye na kichwa cha habari kikubwa, Williams 13-12 Higgins. Hata kunificha hawakunificha. Sikuiona ile fremu laivu na haitajirudia, watu wa miaka 50 hawakutani tena 12-12 Crucible kila mwaka.

Nilitaka kuwapa tatu, nyota moja niwapunguzie kwa kukata. Nikawaza nusu fainali na fainali walizionyesha mpaka mwisho, Zhao anamfunga Williams 18-12 nimeiona yote, safi, pengine nne zibaki. Ila nikikumbuka kile kicheko, hapana. Moja. Nimewaandikia kudai hela ya mwezi ule, wakanijibu kwa ujumbe wa mashine, "ndugu mteja, tunathamini maoni yako", hakuna aliyegusa suala lenyewe.

Kwa wapenzi wenzangu wa snuka, msinunue kifurushi cha mwaka, nunueni cha mwezi, na msilipie kabla hamjawauliza kwa maandishi kama fremu ya mwisho inaonyeshwa hata muda ukipita. Mashindano ya dunia yanaanza Aprili, mimi kwa sasa natafuta pengine. Nikikosa nitarudi kwao, kwa sababu sina njia nyingine ya kuiona Crucible, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Lakini yule dada na mwenzake, wakija kusoma hapa, wajue sikuwa nalilia pool.