Darubini ya mtumba ya 8x42, nimetembea nayo mbuga nne sasa

Mimi wikendi ikipita bila mbuga naona kama kuna deni sijalipa. Lakini kwa miaka nilikuwa naingia na macho matupu, mnyama akiwa mbali namvuta kwa kamera ya simu napata kitu kama doa la kahawia, nikirudi nyumbani naambiwa hiyo ni kichaka. Sasa mwaka jana nikaamua kununua darubini, na ya kwanza nilichukua kwa mtu wa kando ya barabara hapa tao, 2,500, imeandikwa 100x kubwa kwa ubavu. Haikufaa kabisa. Picha ilikuwa inaruka kila nikipumua na asubuhi ilikuwa giza tupu, kwa sababu lenzi zake ni ndogo kama kifuniko cha soda.

Hii ya sasa ni 8x42, nimenunua kwa duka dogo la kamera za mtumba kwa 12,000. Jina la kampuni limefutika, namba tu ndio imebaki, na namba ndio unataka. Ile 8 ni mara inavuta, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 unapata 5 na kitu, huo ndio upana wa mwanga unaoingia kwa jicho, na zile za mfukoni za 8x21 zinakupa nusu yake. Saa sita mchana hutaona tofauti sana, lakini nani anaenda mbuga saa sita mchana bana, raha ni saa kumi na mbili asubuhi geti likifunguliwa tu, na hapo ndio hii kitu inakulipa pesa yako.

Siku niliipenda kabisa ni siku nilipeleka mamangu Nairobi National Park. Mama anakaa Rongai, amepita Magadi Road na matatu zaidi ya miaka thelathini akiangalia ile fensi na hajawahi kuingia ndani, na hii ndio mbuga ya kwanza ya Kenya, ya 1946, kilomita mraba 117 pale pale mlangoni kwake. Tuliingia na geti la Langata, tukasimama kwanza pale pembe za ndovu zilichomwa, akakumbuka vizuri ile ya Moi ya 1989 (ile ya 2016 ndio kubwa zaidi, tani 105 za pembe) na akakaa hapo kwa majivu muda mrefu bila kusema kitu.

Mbele kidogo dereva akasimama akaonyesha na kidole. Mama akasema, "Si hilo ni jiwe?" Ilikuwa mita mia tatu hivi kwa nyasi. Mama anavaa miwani, na ile darubini ya kwanza ilikuwa inamuonyesha duara nyeusi tu, lakini hii raba za pale unaweka macho zinakunjika kwa hivyo nikazikunja nikamwambia, "Mama usivue miwani, weka hivyo hivyo." Nikaomba dereva azime injini. Mama akanyamaza, halafu akasema pole pole, "Ako na ndege kwa sikio."

Nikachukua nikaangalia, na kweli, kwa sikio la kifaru kuna wale ndege wadogo wa mdomo mwekundu wanaokula kupe. Umbali ule! Mama akauliza mbona anaitwa kifaru mweusi na ni rangi ya matope, nikamwambia aangalie mdomo wa juu umechongoka wa kuvuta majani ya vichaka, yule mweupe wake ni mpana wa kukata nyasi. Hapo alikataa kunirudishia mpaka tukafika Hippo Pools.

Makosa iko nayo. Ni nzito, Hell's Gate nilikuwa kwa baiskeli na ilinigonga kifua njia yote. Kamba yake ya zamani ilikuwa inakata shingo, nikabadilishiwa na fundi wa viatu kwa 250. Kitu kikiwa karibu sana, kama kipepeo hapo miguuni, haishiki. Na vumbi ya Amboseli inaingia kila mahali, usipanguse lenzi na shati, puliza kwanza vumbi itoke ndio upanguse, la sivyo unaikwaruza.

Kama unanunua mtumba mulika tochi ndani ya lenzi kubwa, ukiona kitu kama utando wa buibui hiyo ni kuvu, wacha. Halafu toka nje ya duka ulenge kitu mbali, mimi nililenga juu ya jengo la KICC, na ukiona vitu viwili badala ya kimoja au kichwa kianze kuuma rudisha hapo hapo. Ukifika mbugani kunja leso uweke kwa dirisha uegemeze viwiko, na injini lazima izimwe, gari likinguruma hata darubini ya laki moja haikusaidii.

Mama ameshaniuliza Nakuru tunaenda lini, na amesema darubini ikae kwake Rongai mpaka hiyo siku.