Hedifoni za zamani za mtumba: nunua ipi, acha ipi

"Huo mzigo wa Ulaya, kaka, haufi." Muuzaji wa soko la Mchikichini aliniambia hivyo akinipa Sennheiser HD 414 aliyoichomoa kwenye ndoo ya rimoti na chaja. Nilipogusa sponji ya sikioni ikabaki vidoleni kama unga wa dengu. Upande wa kushoto kimya kabisa. Nililipa elfu nane, nikaondoka najizuia kucheka, maana nilikuwa nimeshajua kinachoumwa ni waya tu.

Orodha hii sijaipanga kwa ukubwa wa jina, wala kwa utamu wa sauti peke yake. Nimeipanga kwa swali la fundi redio: ikiharibika, inarudi?

Kwa swali hilo namba moja ni hiyohiyo HD 414. Ilitoka Ujerumani mwaka 1968, hedifoni ya kwanza sokoni kuachwa wazi nyuma, wakati wenzake wote walikuwa wanafunika masikio kama ya rubani. Iliuzwa kwa mamilioni, ndiyo maana mpaka leo inaokoteka kwa bei ya kutupa. Inafunguka kwa mkono, na kila sikio lina kiplagi chake kidogo cha kuchomoa. Hapo ndipo nilipomshinda muuzaji. Nilichomoa viplagi vyote viwili nikavibadilisha pande, ukimya ukahamia kulia. Kwa hiyo spika zote mbili zilikuwa hai, na waya ndio umekatika. Kama ukimya ungebaki kushoto, ningemrudishia ndoo yake.

Ila ujue unachonunua. Zile za mwanzo zina ukinzani wa umeme wa omu 2000, yaani ni nzito kusukuma, na simu yako itazinong'onezea tu. Zinataka amplifaya ya zamani yenye tundu la hedifoni. Besi ni ya kuombea, lakini magitaa ya muziki wa dansi yanasimama mbele yako moja moja, mpaka unajua nani kakosea. Nyingine huja na pini za Kijerumani zisizoingia kwenye jeki yoyote uliyonayo. Usikate waya ule hata kama haukufai. Uweke pembeni, tafuta mwingine, siku moja mkusanyaji mwenzako atauulizia.

Ya pili ni Sony MDR-V6 ya 1985, pamoja na mdogo wake MDR-7506 wa 1991. Hizi zina omu 63, simu inazimudu vizuri. Mito yake ya masikioni ikizeeka inabanduka na kukuachia masizi masikioni, watu wanaiogopa, bei inashuka, wewe unafaidi. Mito ya 7506 inaingia kwenye V6. Angalia vijiwaya vyembamba vinavyopita nje pale kikombe kinapoungana na upinde wa kichwani, kwa sababu vinakatika kwa kukunjwakunjwa. Fundi mwenye mkono mwepesi anavilehemu. Tatizo kubwa ni feki, ambazo ni nyingi mno. Maandishi yakiwa na ukungu, au bawaba zikilegea kama mlango wa choo cha stendi, rudisha.

Koss Porta Pro naiweka ya tatu. Imekuwepo tangu 1984 na bado inatengenezwa kwa umbo lilelile, hivyo sponji zake hazisumbui kupata. Nyepesi, besi imeshiba, na chuma chake kinang'oa nywele. Kwa mkusanyaji haina msisimko, kwa kuvaa kila siku sijui mshindani wake.

Ya nne ni AKG K240 Sextett ya Vienna, ya miaka ya 1970. Nikihukumu kwa masikio tu, ingekuwa ya kwanza. Ndani, kuizunguka spika yenyewe, kuna viwambo vidogo sita, yaani ngozi nyembamba za kutoa sauti, visivyo na umeme vinavyotikisika pamoja nayo. Ina omu 600, nayo pia inataka amplifaya. Lastiki za kichwani zikilegea unaweza kuzihangaikia, ila spika ikifa imekwisha, labda ununue nyingine mbovu uichinje. Kwa hiyo inunue pale tu pande zote mbili zinapolia mbele ya macho yako.

Yamaha HP-1 ya 1976, iliyochorwa na Mwitaliano Mario Bellini, ni nzuri hata ikitundikwa ukutani. Bei yake imeshapanda. Inunue siku utakapokutana na muuzaji asiyejua alichonacho, na siku hiyo usiulize maswali mengi.

Ya kuacha: yale makopo makubwa ya miaka ya 70 yenye kitufe cha sauti kila sikio. Mengi ndani yana spika ndogo ya karatasi kama ya redio ya mkononi, na vitufe vinakwaruza kwa vumbi. Acha pia hedifoni yoyote ya Kijapani ya Stax isiyo na kisanduku chake cha umeme. Kiwambo chake kinahitaji volti za juu, mia kadhaa, na bila kisanduku hicho umenunua pambo.

Unapokwenda sokoni beba kiungio cha jeki kubwa ya milimita 6.3 kwenda ndogo ya 3.5, na simu au redio yenye tundu. Mita ya fundi ya bei rahisi nayo inatosha. Iweke kwenye kupima omu, gusisha nyaya zake kwenye ncha ya pini na shina lake, kisha pete ya kati na shina. Namba mbili zinazokaribiana maana yake koili zote mbili ni nzima. Mita isiposoma kitu upande mmoja, usikate tamaa bado. Tikisa waya karibu na pini na pale unapoingia kwenye kikombe, kwa sababu huko ndiko unakovunjikia mara nyingi.

Kisha piga wimbo wenye besi usikilize mkwaruzo. Mkwaruzo si lazima iwe spika imepasuka. Mara nyingi ni unywele mmoja wa mwenye mali wa zamani umelala juu ya kiwambo, na unatoka kwa kibanio cha nyusi. Muuzaji akisikia mkwaruzo huo atakubali kupunguza bei, nawe huna sababu ya kumwambia habari za unywele kabla hujalipa.