Pointi, kondensa na kifuniko cha distribyuta: uzoefu wangu wa kubadilisha vipuri vya moto kwenye Peugeot 504

Gari langu ni Peugeot 504 ya petroli, saluni ya mwaka 1979, ambalo baba aliliendesha hadi alipostaafu na ambalo mimi hulitoa nyumbani mwishoni mwa wiki tu. Mvua ya masika iliposhika mwezi wa Aprili, lilianza kumisi, yaani injini kukatakata kwa kukosa cheche, kila nilipopanda mwinuko wa Museum Hill jijini Nairobi, na mara mbili likazima kabisa katikati ya msongamano wa Waiyaki Way, mahali ambapo anayezimikiwa na gari hapewi pole bali honi. Fundi wa mtaani kwetu aliisikiliza injini kwa muda usiozidi nusu dakika, kisha akaniagiza ninunue vitu vyote vya moto, yaani vya kutoa cheche: pointi (swichi ndogo inayokata na kuunga umeme), kondensa (inayozilinda pointi zisiungue), rota na kifuniko cha distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi) na plagi nne.

Nilikwenda Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, kwa kuwa hapo vipuri vya magari yaliyozeeka hupatikana bila kuagizwa ng'ambo. Muuzaji hakuniuliza chochote zaidi ya aina ya gari. Nilipotaka kujua kama pointi zile zingeingia bila shida, alinijibu, "Dada, hizo ni za 504, hazina maneno," akaongeza kwamba gari hili ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, jambo ambalo ni kweli lakini halihusiani hata kidogo na mahali lilipo tundu la skrubu. Nililipa shilingi 5,600 kwa vyote.

Kumbe jina la gari halitoshi. Magari ya 504 yalitoka na distribyuta za watengenezaji tofauti, hasa Ducellier na SEV Marchal, na pointi za mmoja hazikai kwenye distribyuta ya mwingine. Jina la mtengenezaji limepigwa chapa kwenye mwili wa distribyuta, ila langu lilikuwa limefunikwa na oili iliyogandamana na vumbi, nikaweza kulisoma baada ya kusugua kwa kitambaa chenye petroli: Ducellier. Nilizouziwa zilikuwa za SEV. Fundi alipoona kwamba tundu halikutani na la bamba, alichukua tupa ili alipanue, nami nikamzuia mkono, kwa sababu pointi zikikaa upande hata kidogo nyuso zake mbili hugusana ukingoni tu, na hapo ndipo huungua na kuisha kabla ya wakati. Duka lilinibadilishia pointi, rota na kifuniko bila kunidai nyongeza, na kwa hilo ninalisifu. Tangu siku hiyo siendi Grogan bila kipuri kizee mkononi.

Kosa la pili lilikuwa la fundi huyo huyo, ambaye alichomoa nyaya zote za plagi kwa mkupuo bila kuziwekea alama, kisha akazirudisha kwa mazoea ya Toyota, akihesabu silinda ya kwanza kuanzia upande wa rejeta. Katika 504 silinda ya kwanza iko upande wa gurudumu tegemeo (flywheel), karibu na klachi. Kinachopumbaza ni kwamba mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na ukiuhesabu kutoka mbele au kutoka nyuma unapata mfuatano ule ule, kwa hiyo nyaya zilionekana sawa kabisa ilhali zote zilikuwa zimegeuka nusu mzunguko. Alipopiga stata, mlipuko ulitokea kupitia kabureta, na paka aliyekuwa amelala juu ya ukuta hatukumwona tena hadi jioni. Nilimlipa nusu ya ujira, tukaagana kwa heshima.

Nililipeleka gari kwa mzee mmoja wa Ngara aliyeanza kazi enzi za Peugeot 404, gari lililoitangulia 504, na nilikaa kwenye kopo la rangi nikitazama anavyofanya. Kwanza alizifuta pointi mpya kwa kitambaa chenye spiriti, akanieleza kwamba hutoka kiwandani zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo yakiachwa huungua na kuwa ngozi nyeusi inayozuia umeme. Kisha alichukua grisi kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, kiasi cha punje ya mchele, akaipaka kwenye kemu ya distribyuta. Akaizungusha injini taratibu mpaka kemu ikazifungua pointi kabisa, ndipo akaingiza fila, yaani bamba jembamba la kupimia mwanya, ya milimita 0.4 na kukaza skrubu, akaichomoa, akaiingiza tena. "Mama, ikipita bila kuvutwa ni kubwa, na ikikwama ni ndogo," aliniambia. Taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, aliipanga mwishoni kwa balbu ya volti 12 iliyounganishwa kati ya waya wa distribyuta na bodi ya gari, ambayo huwaka pale pointi zinapoachana. Utaratibu huo hauwezi kugeuzwa, kwa kuwa mwanya ukipanuka cheche huwahi na ukipungua cheche huchelewa. Ukipanga taimingi kabla ya mwanya utairudia kazi yote.

Kuhusu plagi sina mengi. Nilizipa mwanya wa milimita 0.6, nikahakikisha kwamba urefu wa nyuzi unalingana na wa zile za zamani. Za zamani zilikuwa na masizi mengi, lakini hilo lilikuwa kosa la kabureta, iliyochanganya petroli nyingi mno kwa hewa nyepesi ya Nairobi.

Siri ya kumisi ilijitokeza usiku mmoja, nilipofungua boneti gizani huku injini ikinguruma na kifuniko cha zamani kikiwa kimerudishwa kwa majaribio. Uzi wa buluu, mwembamba kama unywele, ulikuwa ukitambaa kwenye ufa wa kifuniko kutoka waya wa silinda ya tatu hadi kwenye chuma. Unyevu ndio ulioufungulia umeme njia hiyo. Kwa maneno mengine, kifuniko cha shilingi 1,800 peke yake kingetosha, na laiti ningelichungulia gizani kabla ya kwenda mjini.

Kondensa mpya ndiyo iliyonikera kuliko vyote. Wiki ya tatu, nikiwa njiani kuelekea Limuru, gari lilizima likiwa limepata joto, likakubali kuwaka baada ya dakika ishirini, kisha likazima tena. Nilifungua kifuniko nikakuta pointi zimebabuka, upande mmoja una kichuguu na mwingine shimo. Koili, inayokuza umeme wa betri uweze kutoa cheche, niliipima kwanza, nikapata ukinzani wa omu 3, kipimo kinachofaa kwa koili ya volti 12 isiyo na rezista ya kupunguza umeme. Ingekuwa ya omu 1.5 bila rezista yake, ningeilaumu yenyewe. Nilifunga kondensa kuukuu ya Ufaransa iliyokuwa kwenye kopo la skrubu la baba, na tangu hapo gari halijazima. Ile mpya ilinigharimu shilingi 500, na sikuona haja ya kuirudisha.

Rafiki yangu amenishauri mara kadhaa nitupe pointi niweke mfumo wa kielektroniki, ule wa sumaku na kihisi unaoingia ndani ya distribyuta ile ile. Gari lake huwaka vizuri asubuhi za baridi na halihitaji fila, siwezi kukana. Hata hivyo kihisi kikifa Gilgil usiku, hakuna wa kukikwangua kwa msasa, ilhali pointi fundi yeyote wa kando ya barabara atazifufua zikufikishe nyumbani.

Kwa jumla ninakipa kifuniko, rota na pointi za Ducellier nyota nne kati ya tano, plagi nazo nyota nne, kondensa nyota moja, na mzee wa Ngara nyota zote tano. Kilichobaki ni raba za mirija mirefu ambamo plagi za injini hii hukaa, kwa kuwa mbili zimekakamaa na oili huingia ndani na kulowesha plagi. Jumamosi nitakwenda nazo Grogan zikiwa mfukoni.