Protini ya wazee: kipi ununue kwanza sokoni Kisumu

Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku, yaani gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo. Anamzidi kijana wa uzito huohuo kwa sababu misuli ya uzeeni ni mizito kuitikia chakula: hutaka lusini, mojawapo ya asidi amino (vijenzi vya protini), kama gramu 2.5 hadi 3 kwa mlo mmoja ndipo ijijenge sawasawa. Na mwili hauna ghala la asidi amino. Zikizidi, ini huziondoa naitrojeni na kuigeuza urea, kisha figo huitoa kwenye mkojo. Kwa hiyo nyama nyingi usiku haifidii chai na mkate asubuhi. Lenga gramu 20 hadi 30 kila mlo.

Kabla ya kwenda sokoni, apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, hasa kama ana sukari au presha. Figo zikiwa dhaifu na hajaanza dialisisi (kusafishwa damu), kiwango cha protini mara nyingi hushushwa hadi gramu 0.6–0.8 kwa kilo, na daktari ndiye mpangaji. Akiwa kwenye dialisisi, kinapanda tena. Mpangilio ufuatao ni wa mwenye figo nzima.

1. Omena (dagaa). Kwa shilingi yako, hakuna kinachoishinda. Ikikauka vizuri, nusu ya uzito wake au zaidi ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa, kuna kalisiamu pia. Pale soko la Kibuye chukua kiganja, kitikise juu ya kiganja kingine: mchanga ukidondoka, ilianikwa chini, si kwenye vichanja. Nzuri inang'aa fedha na kuvunjika kwa mlio. Iliyopinda bila kuvunjika bado ina maji na itaota ukungu. Msimu wa mvua kagua zaidi. Gorogoro, yaani kopo la kupimia, hudanganya, maana omena iliyosagika hujaa vingine; omba ipimwe kwa mizani. Loweka kwenye maji vuguvugu, osha mara tatu. Asiye na meno, ikaange bila mafuta, itwange, uinyunyize kwenye mchuzi: gramu 30 hutoa protini gramu 15 au zaidi. Mwenye jongo aiache, kwani ina purini nyingi zinazozalisha asidi ya yuriki.

2. Mayai. Moja lina protini gramu 6 na lusini nusu gramu tu, kwa hiyo moja halitoshi. Mawili na glasi ya maziwa yanafikisha gramu 20. Linaloelea majini, tupa.

3. Maziwa na mala (maziwa ya kuganda). Nusu lita ina gramu 16 hivi. Ya mchuuzi yachemshwe, kwa sababu ya bakteria wa brusela. Anayevimbiwa na maziwa huvumilia mala vyema zaidi. Yogati zenye ladha zina sukari nyingi.

4. Maharagwe na ndengu. Hapa mwenzake ni mahindi: mahindi yana lisini kidogo, maharagwe yana methionini kidogo, zote mbili asidi amino, na nyoyo (githeri, yaani mahindi na maharagwe pamoja) huziba mapengo yote mawili. Upungufu ni vitamini B12, ambayo hayana kabisa. Anayetumia metifomini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa B12, na bila hiyo homosisteini, asidi amino nyingine, haigeuki methionini bali hulundikana damuni. Aongeze omena au yai, na B12 ipimwe. Usikimbilie vidonge vya kushusha homosisteini kwa ajili ya moyo: katika majaribio makubwa vilishusha kipimo, lakini mshtuko wa moyo haukupungua.

5. Ngege (tilapia) na nyama. Ubora uko juu, bei pia. Mgongo wazi, yaani kiunzi cha samaki kilichotolewa minofu, ni rahisi, lakini unalipia mifupa zaidi ya nyama.

6. Njugu karanga. Ni kwa kuongezea. Zilizosinyaa au kubadilika rangi ziachwe, kwa hofu ya aflatoksini, sumu ya ukungu. Zilizosagwa tayari huwezi kuzikagua.

7. Poda za kemisti. Zinamfaa asiyekula vya kutosha, mfano baada ya upasuaji. Ile ya maziwa hutoa gramu 20–25 kwa kipimo kimoja. Soma orodha: sukari au maltodekstrini ikitangulia, umenunua wanga. Zile zenye lusini, isolusini na valini peke yake zisinunuliwe: bila asidi amino muhimu nyingine msuli haujengeki, na watu wengi wenye kisukari cha aina ya 2 tayari huwa nazo nyingi damuni.