Huduma mpya za mtandaoni, mimi naziangalia hela ikishatoka kwenye simu

Siku hizi kila ukishika simu kuna huduma mpya. Mara websaiti ya kuagiza vitu Kariakoo, mara ya tiketi za basi, mara ya kuletewa chakula mpaka mlangoni, mara mkopo wa dakika tano, na zote ukizifungua zinapendeza, rangi nzuri, picha nzuri, karibu sana mteja wetu. Huko mimi nimeshaacha kuangalia. Kwangu huduma inaanza pale hela ikishatoka kwenye simu yangu: nikipiga nani anapokea, mzigo unakuja au hauji, na usipokuja hela inarudi kwa njia gani. Kabla ya hapo wote ni wazuri tu.

Niseme nasimama wapi ili mnielewe. Mimi ni fundi cherehani, niko Sakina hapa Arusha, nashona sare za shule, magauni ya sendoff, vitenge vya vikundi vya kina mama, kwa hiyo zipu, bitana, lesi, vifungo, vyote hivyo vingi natoa Dar. Zamani ilikuwa lazima upande basi mwenyewe, kilomita zaidi ya 600, ulale gesti, ule, uzunguke Kariakoo na jua lile, urudi, ukipiga hesabu faida yote imeishia njiani. Sasa naagiza nimekaa kwenye mashine. Na tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023 mzigo ukitumwa jioni kule, kesho yake asubuhi uko huku, yaani mteja anakuja na picha leo kesho kitambaa kipo mezani. Hilo siwezi kulidharau hata kidogo, limebadilisha kazi yangu.

Sasa hao wauzaji wa Kariakoo ndio nitawazungumzia sana maana ndio ninaowajua. Wengi walianzia Instagram na bado wako huko, picha tu na "bei njoo inboksi", na hiyo bei njoo inboksi naichukia kwa moyo wote kwa sababu ukienda unaulizwa kwanza uko wapi, ukisema Arusha bei inapanda maana wanajua huwezi kutoka ukaenda duka la jirani. Wapo wachache sasa wameanza kufungua websaiti zao wenyewe, na kuna moja ya vifaa vya ushonaji nimeipenda mno. Bei imeandikwa. Lesi imepigwa picha mara mbili, moja kwenye taa ya dukani na nyingine nje juani, na pembeni wameweka rula ili uone ua lina upana gani. Nyie msio mafundi mtaona kitu kidogo hicho, lakini muulize fundi yeyote aliyewahi kuagiza "krimu" akaletewa njano, na bibi harusi anataka gauni Jumamosi, atakwambia ile picha ya juani ina thamani gani.

Kulipa kwao ndiyo kumenifanya nikae. Ukibonyeza lipa, ujumbe unakuja wenyewe kwenye simu, unaona jina la duka na kiasi, ndipo unaweka namba ya siri. Jina. Hapo ndipo pa kutulia ndugu zangu, usikimbilie namba ya siri kabla hujasoma jina. Kama duka linaitwa hivi halafu jina linalokuja ni la mtu binafsi ambaye hujawahi kumsikia, uliza kwanza, na akianza kukuambia "hiyo ni ya msaidizi wangu, wewe tuma tu", funga simu. Sisi nchi nzima tumeshapokea zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", hakuna asiyezijua, lakini tapeli yuleyule akijiita duka la mtandaoni na kuweka picha nzuri za viatu, watu wanatuma.

Baada ya kulipa wale wa lesi wananitumia picha ya risiti ya basi, namba ya gari, na simu ya ofisi ya basi ya huku. Naenda stendi asubuhi, mzigo uko kwenye kiroba, umezungushiwa selotepu ya kahawia, jina langu na namba ya simu vimeandikwa kwa maka peni. Mimi nafungua palepale dirishani, dada wa ofisi ya basi ameshanizoea, ananisogezea mkasi kabisa. Nahesabu roli, naangalia rangi, nikikuta kasoro napiga picha hapohapo kwenye kaunta na kutuma. Iliwahi kutokea zipu za inchi nane zikaja za inchi sita, nikatuma picha, wakapokea simu, wakaniambia mama samahani, na zilizo sahihi zikapanda basi la siku hiyohiyo kwa gharama yao. Hao nawapa tisa kwa kumi. Moja nimeipunguza kwa sababu websaiti yao nzito, ukiwa na bando la shida unakaa unaangalia kiduara kinazunguka.

Kuna wengine hawakurudisha hela yangu na siwataji. Walichofanya kabla ya malipo ni sawasawa na wale wazuri, majibu haraka, "karibu boss", kila kitu. Baada ya malipo WhatsApp tiki moja, halafu picha ya wasifu ikapotea.

Watu wananiuliza si heri kampuni kubwa. Sijui, kampuni kubwa tumewahi kuwa nayo, Jumia ilikuwepo hapa Tanzania na ikafunga Novemba 2019, wenzetu Kenya wakabaki nayo. Ukubwa wenyewe haukutosha. Huku kwetu kinachofanya mzigo ufike ni basi, kondakta, yule dada wa dirishani na bodaboda wa mwisho, na hawa wadogo wanaofanikiwa naona ni wale waliokubali kufanya kazi kupitia watu hao badala ya kujifanya hawapo.

Tiketi za basi. Hapa nasifu kabisa, tangu LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wawabane wenye mabasi waingie kwenye tiketi mtandao hali imekuwa nyingine, huhitaji kwenda stendi kuvutwa mkono na wapiga debe, unaona nafasi za viti kwenye simu, unachagua dirishani au pembeni, jina lako linaandikwa, nauli inaonekana. Lakini huduma za kukata hizo tiketi zenyewe haziko sawa. Moja ilinikata hela usiku na tiketi haikuja, nikapiga huduma kwa wateja nikapata mashine inasema simu yako ni muhimu kwetu, ikarudia mpaka salio likaisha, nikaandika barua pepe, kimya. Asubuhi nikaenda stendi na meseji ya muamala mkononi, wakala wa lile basi akaangalia, akaona hela imeingia ila kiti hakijafungwa, akanipa kiti kingine. Kilichoniokoa ni binadamu wa stendi, siyo ile websaiti.

Nyingine niliyohamia inatuma tiketi kwa meseji ya kawaida. Siyo kiungo cha kufungua wala faili la kupakua, meseji tupu ya maandishi: jina, namba ya gari, kiti, saa ya kuripoti, na namba ya simu ya kondakta. Inafunguka kwenye kitochi cha mama yangu. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu intaneti ikawa inasuasua nchi nzima? Siku ile ndiyo nilielewa kwa nini napenda vitu vinavyokaa kwenye meseji na kwenye ile menyu ya nyota unayobonyeza kwa namba, maana hivyo havisubiri bando. Mtu anayejenga huduma kwa ajili ya Watanzania na hajafikiria mteja wake atafanya nini intaneti ikiondoka, huyo hajamaliza kujenga.

Za usafiri wa mjini niende haraka. Bolt na inDrive zote natumia, ile inDrive unataja bei yako na dereva anakubali au anaongeza, kwa sisi watu wa Chuga, yaani Arusha, tuliozoea kupatana imekaa vizuri sana. Tatizo la zote ni mahali. Unaweka alama kwenye ramani, unaona kabisa iko kwenye geti lako, na bado dereva anapiga "uko wapi?" na wewe unaanza, ukifika kwenye lami kata kushoto, utaona duka la dawa, uliza kwa mama fulani. Tuliwekewa vibao vya anwani za makazi mwaka 2022, nyumba ina namba, mtaa una jina, mfumo wa NaPA wa kutafuta anwani hizo upo kwenye simu, lakini sijaona dereva hata mmoja anayeuliza namba ya nyumba. Natamani mojawapo ya hizi huduma iwe ya kwanza kuniuliza namba ya kibao changu, ile kazi imeshafanyika na hela ya serikali imeshatumika.

Za serikali watu wanazilalamikia lakini mimi kontrol namba naitetea. Bili ya maji ya AUWSA, ada, leseni, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, unapata namba moja, unalipa kwa mtandao wowote wa simu au benki, risiti inakuja, imeisha. Hakuna wa kukuambia tuma kwenye namba yangu binafsi.

Sasa mikopo, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwenzangu tunayeshona naye alikopa kwenye aplikesheni moja, hela kidogo tu ya kununulia bitana, ikaingia haraka kweli. Wakati wa kuiweka ilimuomba ruhusa ya kusoma majina ya kwenye simu, akabonyeza kubali kama sote tunavyobonyeza. Alipochelewa kulipa wakaanza kumtumia meseji mama mkwe wake, wateja wake, mwalimu wa mtoto, kwamba huyu ni mdaiwa sugu na wewe ndiye mdhamini wake. Alilia hapa kibarazani mbele ya wateja. Benki Kuu mwezi Novemba 2024 ilitoa orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na tume yake ipo, inapokea malalamiko, tulimsaidia akaandika. Kwa hiyo maoni yangu kuhusu hizo ni mafupi: aplikesheni ya mkopo inayotaka majina ya kwenye simu yako usiiweke, hata kama mtoto anaumwa, nenda kwenye kikoba, nenda kwa jirani, nenda kwa mwenye duka anayekujua. Hao wengine niliowaeleza huko juu wakikosea unapoteza hela, hawa wanachukua jina lako.

Na siyo zote za mikopo, nisije nikaonekana nawachafua wote, zile za kampuni za simu na za benki zenye leseni masharti yake unayaona kabla, riba imeandikwa, na hawapigii mtu wakwe zake.

Kitu ambacho bado sijakipata ni huduma nzuri ya kupeleka mizigo kutoka hapa kwenda miji ya jirani. Kwa wateja wangu wa Moshi nampa kondakta wa Coaster, namtumia mteja namba ya gari na anapokea pale stendi, sawa, hiyo inafanya kazi. Lakini Karatu na Babati ni shida, gari zinachelewa kujaa, na kondakta akizima simu ndiyo basi tena. Nimeona kuna vijana wa hapa mjini wameanzisha websaiti ya kupeleka vifurushi huko kwa pikipiki na Noah, wameweka bei wazi kwa kilo na namba ya kufuatilia mzigo, lakini hawajaandika popote mzigo ukipotea wanalipa nini. Kama kuna mtu ameshawatumia kwenda Karatu aniandikie hapo chini ilikuwaje, hasa kama kuna kilichoharibika na walijibuje, maana nina sare za kwaya za kupeleka huko kabla ya Krismasi na sitaki kulipa kabla sijajua hilo.